Swichi ya Mlango wa Dereva

Asubuhi ya tatu betri imekufa,
na Bi Shinuna hajalalamika.
Kasimama kizingitini na birika la kahawa,
ananitazama ninavyounga nyaya, nyekundu kwa nyekundu,
kama mtu anayemngoja jirani achote chumvi.

Seeb, mwezi wa saba. Saa mbili tu
na bati la gari halishikiki.
Betri mpya, bibi. Alteneta nzima.
Kuna kitu kinakula usiku.

Nikafungua mlango, taa ya dari ikawaka.
Nikaufunga, nikabandika uso kiooni,
viganja kando ya macho, na ndani
inawaka.

Basi ni wewe.
Kidude cha ukubwa wa kokwa ya tende,
umejibanza kwenye nguzo ya mlango,
kazi yako moja tu duniani:
ukisukumwa, nyamaza.

Skrubu moja, imeota kutu.
Waya nikaubana kwa kibanio cha nguo,
maana ukiteleza ukarudi ndani ya nguzo
utaupata siku ya kiama.
Nikagusisha ncha za mita.
Kimeachiwa: inalia. Sawa.
Nikakibonyeza kwa dole gumba: inalia.
Nikabonyeza hadi ukucha ukawa mweupe.
Inalia.
Mlango umefungwa, nacho chaapa u wazi.

Kwa Biju, duka la spea Mabela,
baisa mia nane, pamoja na kifuniko chake cha mpira.
Nikapiga msasa pale chuma kinapogusa chuma,
nikakaza skrubu, nikafunga mlango.
Kiza. Kiza safi, cha kulipwa.

Usiku, saa tatu na dakika chache, simu.
"Uwani kuna kiza leo, Mundhir."
Sikujibu.
"Marehemu alikuwa akisikiliza habari mle,
mlango kaurudishia tu, mguu nje.
Nilijua ni hitilafu, mwanangu. Si mjinga mimi.
Lakini nikipita jikoni nikaiona ile taa,
mkono ulikuwa ukimimina vikombe viwili."

Kisha: "Kile kibovu umekitupa?"

Kimo mfukoni mwa ovaroli, baina ya fyuzi.
Nakibonyeza gizani. Kinazama, kinarudi,
laini, kama kizima.
Bila mita huwezi kujua
kwamba bado kinasema: wazi, wazi.