Umeshindaje

Saa tano na dakika hamsini na nane za usiku
ulipandisha: laki sita na elfu kumi.
Akurut wa Soroti alikuwa amelala kwenye laki sita kamili,
amejifunika bei yake kama shuka.
Saa sita ikagonga, simu ikaandika:
Mnunuzi 88 ameshinda.

Hongera.

Nilishuka kitandani bila kuwasha taa,
nikaipapasa mashine ya kufuma, sindano zake mia mbili,
nikaiambia, basi, unaondoka.
Imefuma sweta za shule tatu za hapa Mbale,
za kijani, za damu ya mzee, na zile za buluu
ambazo mwalimu mkuu alichelewa kuzilipia
mpaka watoto wakazizidi kimo.

Asubuhi nikaomba boksi la televisheni kwa fundi Wamono,
nikanunua kamba, nikajaza magazeti kila penye uwazi
mpaka mashine ikanyamaza nilipoitikisa.
Juu nikaandika MPOKEAJI, nikaacha nafasi.

Siku ya kwanza nilikuandikia kwa heshima: ndugu mshindi.
Siku ya pili nikakutumia namba ya kulipia, mara mbili,
labda ya kwanza ilipotelea njiani;
mvua ya Wanale haina adabu na mitambo.
Siku ya tatu alama mbili za buluu. Umesoma.
Umesoma, na kusoma si kulipa;
wangapi wamesoma katika nchi hii.

Siku ya nne mama Khainza alitaka sweta kumi na nne
kabla shule hazijafunguliwa.
Nikamwonyesha boksi.
Akalitazama kama mtu aliyekosea msiba, akaenda kwingine.

Wewe umeshinda mnada.
Mimi nimeshinda na boksi.
Nimeshinda mlangoni, nimeshinda na simu kiganjani
kama mgonjwa na kipimajoto chake.
Lugha hii nayo: neno lilelile linampa mmoja kombe
na mwenzake linamwekea kigoda, akae mpaka jua lizame.

Wenye mnada wakasema, subiri siku saba ndipo ulalamike.
Ahadi ni deni, sawa,
lakini deni la Mnunuzi 88 linadaiwa mlango gani?

Siku ya saba wakanipa namba yako.
Usiku kucha nilikuwa nimeyanoa maneno, pande zote mbili.
Ikaita. Ikaita. Sauti nyembamba,
nyuma yake kuku na redio.
Mimi ndiye mwenye mashine uliyoishinda.
Kimya. Kisha kicheko cha mtu aliyeangukiwa na sikukuu:
“Kumbe nilishinda kweli!”

Ana miaka tisa. Yuko Kamuli.
Simu ni ya shangazi yake, anayelala mapema kwa ajili ya mgongo.
Mashine ya nini, akauliza.
Aliona namba zinapanda, akapanda nazo
kama anavyoupanda mti wa jirani,
si kwa tunda, ila kuwa juu ya mwenzake.
Alinijibu kwa Kiswahili cha darasani,
kila neno limepigwa pasi,
na alipoishiwa la kusema akakumbuka somo:
“Umeshindaje, mama?”

Nikayatafuta yale makali yangu. Hayakuwepo.
Nimeshinda salama, nikasema,
maana ndivyo jibu lilivyo kitabuni.

Kisha nikampigia Akurut.
Laki sita ilikuwa ya usiku ule, alisema,
leo ana laki nne na nusu, tena aisikie kwanza ikifanya kazi.
Nikaikata kamba. Nikayatoa magazeti.
Nikailaza simu mezani,
nikausukuma mkono wa mashine kwenda, kurudi,
kwenda, kurudi, bila uzi.
Unasikia?
“Nasikia. Ipakie kwenye basi.”

Lipa kwanza, nikamwambia,
na sikuinua mkono mpaka simu ilipotetemeka.