Swali la Kumi na Saba

Arvaikheer, mwezi wa tatu, dirisha limeota barafu kwa ndani.
Wanafunzi ishirini na sita, makoti mwilini, wino umegoma;
Nomintuya anaipasha kalamu yake kwa pumzi.
Jiko la makaa linakohoa pembeni,
nami, Oyuunchimeg, miaka kumi na tisa ya chaki,
nasoma swali kama karani anayesoma hukumu:

None of the sheep, halafu pengo, halafu alive.
Hakuna kondoo hata mmoja aliye hai. Mnaelewa.
Chagueni: was, au were.

Nikawaeleza kama nilivyoelezwa.
Ndani ya none, nikasema, amelala mmoja aliyekanwa.
Na mmoja ni mmoja, hata akikanwa,
kitenzi kimfuate peke yake: was.
Kitabu chenye jalada jekundu kinasema hivyo.
Cha buluu kinasema were nayo ni halali,
wenye lugha wameitumia tangu kale
na hakuna aliyefungwa.
Ila mtihani wa Ulaanbaatar una kiduara kimoja cha kutia wino,
na mashine inayosahihisha haijasoma cha buluu.

Darasa likacheka kidogo.
Nomintuya hakucheka.

"Mwalimu, kondoo hapo ni mmoja au wengi?"
Neno halisemi, nikajibu.
Sheep akiwa mmoja, sheep wakiwa elfu.

Akatazama jiko.
"Baba aliporudi bondeni alisema: hawapo.
Hivyo tu, kwa mkupuo, kama mtu anayebamiza mlango.
Theluji iliyeyuka siku moja, ikaganda usiku,
majani yakabaki chini ya kioo, wakayaona, wasiyafikie.
Kesho yake akachukua kamba ya manyoya ya farasi
akaanza kupiga mafundo.
Yule wa sikio lililochanika. Fundo.
Yule aliyezaa pacha mwaka juzi. Fundo.
Yule mwizi wa chumvi.
Mama alimletea chai mara tatu, ikapoa mara tatu.
Mafundo mia tatu na kumi na moja, Mwalimu.
Sasa, siku ile ya mlango, alikosea sarufi?"

Sikuwa na kitabu cha rangi hiyo.

Nikasema, tia wino kwenye was, mwanangu,
unahitaji alama sabini.
Akatia. Akaujaza mduara taratibu, bila kutoka nje ya mstari.

Kengele ilipolia akanirudishia kitabu cha buluu nilichomwazima.
Ukurasa wa arobaini na moja ulikuwa umeliwa kona,
chozi la mate limekauka juu ya were.
"Samahani," akasema. "Tulikuwa na kondoo mia tatu na kumi na mbili.
Mmoja analala ndani, karibu na jiko.
Anatafuna chochote."

Akavuta kofia masikioni, akatoka.
Nimekaa na karatasi ishirini na sita.
La kumi na saba, wote wamepata.