Zamu ya Bomba

Siku greda lilipokata mkongo njia ya Masasi,
Newala nzima ilibaki inapumua kwa tundu la sindano:
kiungo kimoja cha redio, mnara wa Kitangari,
megabiti nane; mvua ikinyesha, sita.

Na ilikuwa siku ya mnada.

Korosho zimejaa ghalani hadi dirishani,
wanunuzi wako Mtwara mjini, wengine sijui wako wapi,
kila mmoja anapanda juu ya bei ya mwenzake.
Hospitali inatuma picha za mifupa.
Kibanda cha Chilumba kinaonyesha mpira.

Bosi akapiga: "Fadina, gawa sawa kwa sawa."
Nikasema ndiyo. Sikufanya.

Mama yangu alishika ufunguo wa bomba kule Mnyambe,
miaka ile maji yakija mara moja kwa juma.
Aliangalia ndoo, akamwangalia mwenye ndoo:
wa kidumu cha uji, pita, huchukui muda;
wa kufyatua matofali, rudi jioni;
mwenye mzazi ndani, nani akuulize zamu?
Maji yakianza kupungua alijua kwa sauti ya bomba,
sisi bado tunacheka kwenye foleni.

Basi nami nikasikiliza.
Bei ni tarakimu chache, nyepesi kama ganda,
lakini ikichelewa sekunde mbili imekuwa uongo.
Picha ya mfupa ni gunia, hubebwa debe kwa debe;
ikifika baada ya nusu saa, mfupa haujahama.
Mpira? Uwe na ukungu. Watapiga kelele, watazoea.
Nikaandika hivyo, nikaiachia mashine
ijipime kila sekunde kumi, ibane, ilegeze.

Saa nane na robo, daktari Nandonde:
si mguu safari hii, ni fuvu,
kijana wa bodaboda, na Ligula wanasubiri kuona.
Kanuni yangu nzuri ya asubuhi
ikabaki ya asubuhi.
Nikafunga mpira. Nikaubana mnada wenyewe,
bei zikaanza kuburuta mguu.

Dakika nne.

Mnunuzi mmoja ameandika barua: eti alikosa shehena.
Huenda. Huenda mkulima naye alikosa shilingi ishirini kwa kilo,
na sitamjua.
Chilumba hanisalimii, penalti ilipigwa kioo kimeganda.
Kijana yule, sijui. Nandonde hajapiga tena.

Usiku mkongo ukaungwa, njia ikafurika,
hakuna aliyeuliza zamu.
Nikauona mkono wangu mezani,
vidole vimekunjwa,
kama vimeshika ufunguo.