Mwega

Fundi Vuai alikuja na mti wa mvinje begani
(boriti za mkoko, alisema, siku hizi ni kesi),
akautazama ukuta wetu wa Kiponda
ulivyotoa tumbo kama mja mzito wa mwezi wa tisa,
akaugonga kwa fundo la kidole, akasikiliza.

Nikamwambia: tia nguzo.
Akacheka. Nguzo huzaliwa na nyumba, mwanangu.
Hii inayokuja baadaye, nyumba ikishaumwa,
jina lake mwega.
Mgomba ulioelemewa na mkungu hupewa mwega.
Mashua iliyopandishwa pwani hutiwa gadi.
Na shikizo? Shikizo ni la usiku mmoja,
la kumngojea mimi.

Ndani, mama yangu, Bi Mize,
upande wa kushoto umelala tangu Mfungo Tatu.
Neno kusaidiwa halitaki. Ukilitamka hununa hadi magharibi.
Kushikwa, anasema, hushikwa mwizi.
Kubebwa, hubebwa gunia la karafuu.
Kukimiwa alilifikiria kidogo, akauliza: kwa pesa zipi?
Basi tukabaki na moja.
"Njoo nikuegemee," nusu amri, nusu salamu,
na hivyo ndivyo tulivyokwenda chooni,
hatua kumi na nne,
bega langu chini ya kwapa lake,
ndara yake ikikwaruza sakafu.

Miezi saba. Nilihesabu mwenyewe.
Majirani wa chini walinisifu,
wifi akapiga simu kutoka Maskati:
wewe ndiwe tegemeo lake.
Nikaamini. Mgongo ukaniuma kwa fahari.

Kisha Vuai akarudi kuuangalia mvinje wake.
Akauchoma kisu; kisu kikazama hadi mpini.
Mchwa. Nje ganda, ndani unga.
Tangu lini?
Zamani. Chokaa ilishakamata.
Ukuta ndio ulioushika mti.
Safari hii hakucheka. Aliuliza tu pa kuutupa.

Usiku ule, saa tisa, umeme umekatika,
"Njoo nikuegemee."
Hatua ya sita magoti yangu yakalegea,
nikajua tunaanguka.
Hatukuanguka.
Nikawasha tochi ya simu:
mkono wake mzima, wa kulia, umeng'ang'ania ukuta,
na kwenye chokaa, toka mlango wa chumba hadi wa choo,
mstari mweusi, laini, wenye mafuta,
upana wa kiganja.

"Unamulika nini?" alisema.
"Twende. Zimebaki nane."