Kidole

Barabara ya Skibbereen ni nyembamba kama mkanda,
ukuta wa mawe huku, miiba huku.
Nimebeba mikate mia mbili ya moto
na mbele yangu mgongo wa njano
unanyonga baiskeli kupanda mlima.

Nilisubiri. Mungu shahidi, nilisubiri
hadi kona ya tatu, kisha honi
ikanitoka kama chafya.
Akageuka. Midomo yake niliisoma,
wala haikuwa sala.

Nikampita karibu mno. Najua.
Kioo cha pembeni kilinionyesha
anavyoyumba, mguu mmoja matopeni.

Huku kwetu dereva akipishana na mtu
huinua kidole cha shahada juu ya usukani:
habari, mvua gani hii, mama hajambo?
Yote hayo, kidole kimoja.
Yeye aliniinulia kile cha jirani.

Jumatatu nikamkuta dukani kwa Gobnait,
bila helmeti, mvi tupu,
anahesabu sarafu apate mkate wangu.
Hakunijua bila gari.
“Bado wa moto?” akauliza.
“Bado,” nikasema, nikatazama viatu vyake.
Kimoja kilikuwa na tope kavu.

Leo tena, mlima uleule, mgongo uleule.
Gia ya pili. Mikate inapoa, na ipoe.
Kileleni akajibanza kwenye lango la ng'ombe,
akainua mkono bila kugeuka,
kidole kimoja.
Mvua ilikuwa imejaa kiooni, sikuona kipi.

Nikainua changu.