Timazi ya Lung'aho

Kipakatalishi kimoja, wanafunzi hamsini na watatu.
Nimekipandisha juu ya kreti mbili za soda
ili hata walioko nyuma, kwenye dirisha lisilo na kioo,
waone tufe jekundu likining'inia
kwenye uzi uliochorwa.

Hapa Kaimosi mvua hufika saa kumi, haichelewi.
Betri ilikufa mwaka juzi.
Tuna umeme wa dakika thelathini.

"Nani aje aongeze uzito?"
Khavere akaja, akafuta kidole kwenye sketi,
akasukuma mshale: gramu mia, nusu kilo, kilo.
Alikuwa ameweka dau la andazi na Lung'aho
kwamba kizito kitakimbia zaidi.
Tufe likaenda, likarudi. Sekunde mbili.
Likaenda, likarudi. Sekunde mbili.

Akalipeleka mwezini:
likayumba polepole, kama mtu anayetafuta neno.
Akalirudisha duniani, akafuta msuguano wote,
nalo halikuchoka.
Halikuchoka kabisa.
Darasa likacheka, kisha likanyamaza.

"Mwalimu, hii mashine imefundishwa kukubaliana na wewe."

Nilikuwa na fomula ubaoni. Jibu sikuwa nalo.
Ngurumo ikaanza upande wa Hamisi
na skrini ikawa nyeusi.

Ndipo Lung'aho, ambaye muhula mzima hajainua mkono,
akatoa mfukoni timazi ya baba yake,
ile ya chuma, yenye ncha, iliyonyoosha
kuta za nusu ya soko la Cheptulu.
Tukaifunga kwenye boriti. Kando yake
parachichi, kwa uzi wa urefu uleule.
Mvua ilipiga mabati hata hatukusikiana;
tulihesabu kwa vidole.
Ishirini za chuma: sekunde arobaini.
Ishirini za parachichi: arobaini na nusu.

Khavere aliitazama saa yangu, hakunitazama mimi.
Akalishika parachichi, akaliachia mwenyewe,
akahesabu upya.
Akahesabu tena.

Mwishowe likapunguza mwendo, likatulia
likielekea sakafu, wima kama ukuta mzuri.
"Kwenye kompyuta," akasema, "hakukuwa na upepo."
Kisha, kwa sauti ndogo: "Niliufuta mimi."

Kesho yake, juu ya dawati la Lung'aho,
nilikuta andazi limefungwa kwa gazeti,
limepungua ukingoni, alama za meno zikiwa wazi.

"Msuguano," Khavere akasema.