Safu ya Mengineyo

Saa ya kupimia imo kiganjani mwangu,
baridi kama kijiko kilicholala nje.
Julai, Maseru. Theluji imekaa milimani
na mabati ya kiwanda yanalia yakisinyaa.

Nthatuoa anashona mifuko ya nyuma ya jinzi.
Chukua, panga, pinda, shona, kata uzi, tupa:
sekunde thelathini na nane.
Mara ya pili, arobaini na moja.
Mara ya tatu anasita,
anapeleka vidole mdomoni, anavipulizia,
kisha anaendelea kama mtu aliyefumwa akiiba.

Fomu yangu inatoa posho ya uchovu: asilimia nne.
Ya kwenda haja: tano.
Ya uzi kukatika, ya bobini kuisha.
Posho ya pumzi haimo.

Miaka sita nilikaa kiti kile kile
kabla hawajanipa kalamu na koti la buluu.
Najua: anayepimwa hukimbia,
na mbio zake za leo ndizo deni lake la kesho.

"Umeandika ngapi, dada?" Hainui macho.
"Shona," namwambia. "Shona taratibu."

Bwana Ramaqele anataka arobaini kamili.
Wastani unakuja arobaini na mbili na nusu.
Narudia hesabu. Narudia tena; namba ni kaidi.
Basi pale chini, penye "mengineyo",
kwa mwandiko mdogo kama mshono wa ndani,
naandika: *baridi, sekunde tatu*,
na kuipeleka karatasi ofisini
nikipuliza vidole vyangu njiani.